Masika Kwenye Kona ya Kisiki

Jumanne, 5 Machi

Sauti imenikaa kichwani tangu jana jioni. Si ya kengele wala ya watu waliopiga mayowe baadaye. Ni sauti ndogo, kavu, kama mtu amekanyaga kikombe kilichoviringishwa ndani ya taulo. Lilikuwa taya la Mwashi.

Naandika ilivyokuwa, kwa sababu leo pale ukumbini kila mtu ana habari yake. Raundi ya mwisho ya mazoezi ilikuwa imekwisha. Kengele ililia, mimi niliisikia nikiwa nakamua sponji kwenye ndoo. Mwashi, ambaye ni mwashi kweli, mchana anajenga kuta na jioni anakuja kwetu kupigwa kwa ujira, alishusha mikono, akatema kinga ya meno kwenye glavu, akageuka kuelekea kona yake. Kaka akampiga. Mkono wa kulia, na mwili mzima nyuma yake. Mwashi alianguka kama gunia lililokatwa kamba. Kaka akabaki amesimama juu yake, ngumi zimekunjwa, akisubiri ainuke.

Hakuomba radhi. Alivuliwa glavu, akanywa maji, akaenda kuoga.

"Hakusikia kengele," baba alisema. "Mvua ile juu ya mabati, nani angesikia?"

Ni kweli kwamba mvua ikipiga bati la ukumbi wetu hatusikii kitu. Siku za mvua baba huacha kengele na kupiga sakafu ya ulingo kwa kiganja, na mabondia huisikia kwa miguu. Jana alisahau, anasema. Wote wakaitikia. Mimi pia niliitikia. Nilikuwa karibu na kengele, labda ndiyo maana niliisikia.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bandeji za mikono hazikauki. Mama amezitandaza kwenye viti vya sebuleni, juu ya redio, juu ya fremu ya picha ya babu. "Karibuni," anawaambia wageni, "chagueni jeraha la kukalia."

Jumapili, 10 Machi

Siku ya mapumziko. Kaka amelala mpaka mchana.

Daftari ni jipya, niandike basi tulivyo. Kaka yangu ni bingwa wa uzito wa juu, mwaka wa nne sasa. Watu wanamwita Kisiki. Jina alilipata akiwa hana hata ndevu, kwenye ghala la nafaka lililogeuzwa ukumbi wa masumbwi, alipopigwa na mtu mwenye umri wa kumzaa kuanzia raundi ya kwanza hadi ya mwisho bila goti lake kugusa chini. Alishindwa kwa pointi, lakini waliotoka pale walikuwa wanalitaja jina lake. Toka hapo hajawahi kuangushwa. Wameanguka wengine: mbeba mizigo wa bandarini aliyekuwa bingwa kabla yake, mwanajeshi aliyeamka hospitali siku ya pili, yule kijana mrefu ambaye hakurudi tena ulingoni. Baba, ambaye ndiye kocha, alipigana miaka mingi asipate mkanda. Mkanda wa kaka umetundikwa chumbani kwa baba, si kwa kaka.

Mimi kwenye kona ndiye wa damu. Nilirudi kutoka chuoni na shahada ya historia na bila kazi, na wakati huo huo mzee aliyekuwa akiziba majeraha ya kaka mikono ilianza kumtetemeka. Baba akanipa pamba. "Wewe huogopi damu," alisema, "na mikono yako haina papara." Napewa dakika moja kati ya raundi. Nafuta, nasukuma kijiti chenye pamba na dawa ya kugandisha damu mpaka ndani kabisa ya mpasuko, nashikilia, napaka mafuta mazito juu. Uvimbe naukandamiza kwa kile kipande cha chuma cha kwenye barafu tunachokiita pasi. Ukumbini wananiita Msomi, na wakisema Msomi kaziba, basi kumezibwa. Mara mbili mwamuzi alikuwa tayari kusimamisha pambano, akatazama kazi yangu, akaruhusu liendelee. Kaka akashinda yote mawili. Naona fahari, sitaificha hapa.

Alhamisi, 14 Machi

Imetangazwa. Mwezi wa tano, kaka dhidi ya Mashoto. Huyu hutegemea mkono wa kushoto kuliko wa kulia, na wapiganaji wa kushoto kaka hawapendi. Baba ameleta mtu mpya wa mazoezi badala ya Mwashi, dereva wa lori mwenye shingo kama kinu. Leo kaka amempiga mbavuni mpaka akatapika kambani. Baba akamwagia maji pale pale, akamwambia ainuke, bado raundi mbili.

Dereva alinitazama wakati nafuta mdomo wake. "Dada, kaka yako ana kisa na mimi?"

"Hana."

"Basi mwambie anapiga kama mwenye kisa."

Jumanne, 19 Machi

Nimekwenda kumwona Mwashi. Meno yamefungwa kwa waya, anakunywa supu kwa mrija, na maneno yanatoka kwa kupenya. Nilikwenda na machungwa kama mjinga. Mkewe akayachukua bila kucheka.

Nilimwambia kaka hakusikia kengele. Mwashi akatikisa kichwa taratibu.

"Hilo nimemsamehe. Jingine sitamsamehe. Juzi kaja hapa. Kakaa hapo ulipokaa. Kanitazama, kaniuliza, 'Nani kakufanya hivi, bwana?' Mbele ya mke wangu! Nani kakufanya hivi!"

"Alikuwa anakutania."

"Hakucheka hata kidogo. Ndivyo mtu anavyokudharau hasa, Msomi. Bila kucheka."

Nilirudi nyumbani damu inachemka. Kaka alikuwa mezani anakula. Nikamuuliza kwa nini amekwenda kumdhihaki mtu aliyemvunja taya.

"Mwashi? Kwani Mwashi ana nini?"

Nikamrushia bilauri. Ilimpita, ikapasuka ukutani. Akainuka, akanishika vifundo vya mikono kwa kiganja chake kimoja, akanibana mpaka vidole vikafa ganzi, na alikuwa anatabasamu kama tulivyokuwa tukicheza utotoni. Nikamwambia amekuwa mnyama. "Mnyama anataka chumvi," akasema, akaniachia, akaketi.

Nina alama za vidole vyake ninapoandika. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule barabara ilipojaa maji. Mkanda umemharibu. Sijui mapigo mangapi ya kuwapiga wengine humgeuza mtu, lakini yeye ameshavuka.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Sijasema naye.

Jumatano, 27 Machi

Leo kaka amempiga raia.

Ilikuwa kwa kinyozi. Alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, mteja mwingine akasema kwa utani kwamba Mashoto atakuja kummalizia nusu iliyobaki. Kinyozi anasema watu walicheka, kaka naye alicheka. Kisha, baada ya muda, wakati wote wameshasahau, akainuka na shuka la kinyozi likiwa bado shingoni, akamvuta yule mtu kwenye kiti, akampiga. Alimpiga usoni, akampiga tena alipokuwa anateleza ukutani, akampigiza kwenye kioo, kioo kikamwagika chote. Walihitajika wanaume wanne. Baba alikwenda kuzungumza na ndugu za yule mtu. Wakaelewana, sijui vipi.

Nilikuwa mlangoni baba alipomrudisha. Shuka la kinyozi lilikuwa na damu kama aproni ya bucha. Aliketi, mama akamletea maji, akapitisha mkono kichwani. Upande ulionyolewa. Upande usionyolewa. Akarudia.

"Mama, nani kaninyoa hivi?"

Mama akacheka. "Aliyekunyoa umemvunjia kioo, mwanangu, ulitaka amalizie na nini?"

Kaka alimtazama. Akanitazama mimi. "Nani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

Baba akasema haraka, "Kaoge." Akaenda kuoga. Mama alibaki ameshika jagi.

Alhamisi, 28 Machi

Sikulala vizuri. Nimeirudia ile jioni ya Mwashi tangu mwanzo, polepole, kama nilivyofundishwa chuoni kusoma ushahidi. Tulimbeba Mwashi kutoka nje ya ukumbi mpaka kwenye gari. Viatu vyangu vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Nilivipangusa nilipofika nyumbani, nakumbuka, kwa kitambaa kikavu. Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa tayari tumefika hospitali, tukaisikia dirishani, na muuguzi akasema hatimaye.

Haikuwapo mvua kwenye mabati. Kaka hakusikia kengele kwa sababu kengele haikumfikia huko alikokuwa. Na Mwashi hakudhihakiwa. Aliulizwa.

Jumamosi, 30 Machi

Nilimkabili baba akiwa peke yake ukumbini, anashona begi la mazoezi lililopasuka. Nikamwambia kuhusu vumbi. Hakubisha. Aliendelea kuvuta uzi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu pambano la mwaka jana. Lile uliloziba wewe."

"Na unampeleka kwa Mashoto?"

"Kila bondia husahau, mama. Mimi mwenyewe nilisahau siku ya harusi yangu, muulize mama yako." Alijaribu kucheka. "Kichwa kinachoka. Mikono yake haijasahau kitu. Umeiona? Mpe mtu mbele yake, mikono inajua. Pambano moja tu. Anashinda, anastaafu na mkanda kiunoni, anapumzika. Akiacha sasa anaacha kama nani?"

"Kama mtu anayejua nani kamnyoa."

Alinipiga na sindano bado iko mkononi. Si kwa nguvu, ni mgongo wa mkono tu, lakini uzi ulinipita shavuni ukaacha mstari. Kisha akaniomba nimshikie begi amalizie kushona. Nikashika. Hilo ndilo linaloniudhi jioni hii, kwamba nilishika.

Jumanne, 2 Aprili

Mazoezi. Dereva amevunjika mbavu. Baba ametafuta wengine wawili.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Mazoezi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwambia mama. Aliendelea kukunja bandeji, zile ndefu, akiziviringa kuanzia kidole gumba.

"Unadhani ulinipa habari? Nani anamwekea nguo kitandani kila asubuhi ili asiulize? Nani amebandika picha ya choo mlangoni, ukadhani ni ya wageni?"

"Sasa kwa nini unanyamaza?"

"Nilisema. Baba yako akaniambia nikafue." Akaniwekea bandeji mapajani. "Viringa. Ukikaza sana vidole vitakufa, ukilegeza vitavunjika."

Nilimdhania mama hajui kitu kwa sababu hachoki kutania. Kumbe utani ndio aliojengea ukuta.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua ilikatika, tukaketi uani, mimi na kaka, miguu kwenye ngazi. Leo alikuwepo. Siku nyingine yuko, mzima kabisa, anakumbuka mpaka jina la mbwa wa jirani aliyekufa. Nikasema naye.

"Kaka, unajua unasahau?"

"Najua kuna vitu watu wanaviona usoni pangu mimi sivioni."

"Usipigane na Mashoto."

"Mdogo wangu, nje huku ni ukungu. Naamka, sijui nimevaaje. Naona watu wananichekea, sijui ni rafiki au la. Nikiingia kwenye kamba ukungu unaondoka. Yule mbele yangu ni mmoja tu, na najua anataka nini. Usinitoe huko." Aliinua kidole, akagusa ule mstari wa uzi shavuni mwangu, ambao umebaki kama unywele. "Na wewe ndiye unayeniziba. Nikikuona najua raundi imekwisha."

Siku zile nilimwita mnyama moyoni, naye alikuwa mtu aliyepotea njia anampiga kila anayemkuta gizani.

Ijumaa, 26 Aprili

Baba anamfundisha majibu ya kumpa daktari wa pambano. Anamfunga bandeji huku akimwimbisha. Leo siku gani? Ijumaa. Tuko wapi? Ukumbini. Kumi ukitoa tatu? Akikosea, baba anaanza upya, na anampiga begani kwa kila kosa, kidogo, kama mtu anayegonga meza. Watu wawili hawa nawapenda. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Kaka amemwangusha mtu mpya kwa ngumi moja, akatazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya jirani.

Jumapili, 12 Mei

Ni mchana. Mdomo wangu umevimba, naandika nikiwa nimelaza kichwa upande. Pambano lilikuwa jana jioni.

Daktari wa pambano alimmulika macho, akamuuliza siku. "Jumamosi," kaka akasema kabla swali halijaisha. Baba alikuwa nyuma ya daktari, midomo yake inatembea.

Uwanja ulijaa mpaka ngazini. "Kisiki haking'oki! Kisiki haking'oki!" Na kweli raundi tatu za mwanzo mikono yake ilijua. Alimpiga Mashoto mwilini kwa apakati moja, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, iliyomwinua visigino, watu wakasimama wote. Nilijiambia baba alikuwa sahihi. Nilitaka sana awe sahihi.

Raundi ya nne vichwa viligongana, nyusi ya kulia ikafunguka kama mdomo. Alirudi kwangu na uso wote mwekundu. Nikafuta, nikasukuma kijiti, nikahesabu pumzi zangu, nikaachia, pakavu. "Msomi kaziba!" mtu akapiga kelele nyuma yetu. Nikasikia ile fahari.

Raundi ya sita Mashoto aligundua kwamba jicho lile haliuoni mkono wake. Alianza kuutuma huko huko, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari ubao aliokwisha kuupima. Kichwa cha kaka kilikuwa kinakwenda na kurudi. Mtu mwingine angeanguka. Angeanguka, wangemhesabia, ingekuwa imekwisha, angeamka kwenye machela na kichwa chake. Kaka haanguki. Ndilo jina lake. Nilisimama chini ya kamba nikaomba goti lake liguse sakafu, mara moja tu, na watu elfu kadhaa walikuwa wanaomba lisiguse.

Mwisho wa raundi ya saba kaka alikwenda kona ya Mashoto. Watu wakacheka, wakadhani ni dharau ya bingwa. Mwamuzi akamgeuza. Alipoketi mbele yangu alinitazama vizuri, kwa upole.

"Leo tunapigana na nani?"

"Na Mashoto," baba akasema sikioni kwake. "Mkono wa kushoto unakuja, zunguka kushoto kwako, kushoto. Msomi, ziba."

"Baba, tupa taulo, pambano liishe."

"Ziba!"

Nikaziba. Mikono yangu haina papara, ilifanya kazi yake wakati mimi nikiwa mbali. Mwamuzi alisogea, akainama, akatazama nyusi, akaona pakavu. Akaondoka. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikifanya miaka yote hii. Kila nilipofunga jeraha nilimfungulia raundi nyingine. Lile pambano la mwaka jana lilikuwa lisimame raundi ya tano, mimi nikalipeleka hadi kumi na mbili. Nilikuwa namwekea viraka nje na kumpeleka akavunjwe ndani.

Raundi ya nane sitaiandika yote. Kuna ngumi moja iliyofanya watu wa viti vya mbele wafute nyuso zao. Kaka alisimama. Mikono ilikuwa imeshuka mpaka kiunoni na bado alikuwa anatembea mbele, anatembea tu.

Alirudi. Nyusi ilikuwa inavuja kidogo, kazi ya sekunde chache. Taulo lilikuwa shingoni kwa baba, na kwa sheria ni kocha mkuu wa kona tu anayeruhusiwa kulitupa. Mimi nilikuwa na kijiti cha pamba.

"Ziba hiyo, mwamuzi anatazama," baba akasema.

Nilisukuma kijiti ndani mpaka kikafika kwenye mfupa, nikakivuta kwa upande. Nyama iliachia chini ya kidole changu, laini, kama mshono wa zamani. Damu ilikuja yote kwa pamoja, ikanijaa kiganja, ikaingia kwenye mkono wa koti. Kaka hakushtuka. Nikafanya tena. Kisha nikatoka mbele yake ili mwamuzi aone.

Daktari alipanda, akamulika, akatikisa kichwa. Mwamuzi akapunga mikono yote miwili. Mashoto alipiga magoti akilia. Viti vilianza kuruka. Kimoja kilimpata mpiga picha, nikamwona anakaa chini ameshika sikio.

Kwenye chumba cha kuvalia nguo, baba alifunga mlango kwa komeo.

"Nimekuona," akasema.

Alinipiga ngumi. Si kofi, si mgongo wa mkono. Ngumi ya bondia, fupi, kutoka begani. Nilijikuta nimekaa chini ya makabati, mdomo umejaa ladha ya chuma. Nilichukua pamba iliyobaki na dawa, nikajiziba mwenyewe kwa kupapasa. Yeye aliegemea mlango akawa anatweta kuliko mabondia.

Kaka alikuwa kwenye benchi na taulo usoni. Akalishusha. Akaniona.

"Nani kakupiga?" Aliinuka, miguu haijatulia. "Nani? Nionyeshe."

Baba alitazama sakafu. Uso wake wote ulibomoka. Ningesema neno moja, kaka angemwua baba pale pale, na mikono yake isingekosea.

"Nimejigonga mlangoni," nikasema.

Kaka akaupiga mlango teke. Baba akasogea kando.

Jumanne, 14 Mei

Redioni wanasema bingwa hakupigwa, alichanika tu. Mtu wa majeraha ndiye aliyemponza, wanasema, na wanasema kwa huruma.

Ijumaa, 17 Mei

Laiti ningejua. Ningemwacha apigwe ashindwe, watu wangechoka naye. Nimempa kushindwa kusiko na aibu, na kila mtu anataka marudiano. Promota aliyeandaa pambano amekuja nyumbani na tabasamu lake. Mama alimkaribisha kwenye kiti chenye bandeji mbichi, lakini hakutania. Itakuwa mwezi wa tisa. Baba amepata mtu mwingine wa damu, kutoka ukumbi wa upande wa pili wa mji, anayesifiwa kwamba anaweza kuziba hata bomba.

Kaka ameanza kukimbia asubuhi. Juzi alipotea, akarudishwa na muuza magazeti. "Sikupigwa," anamwambia kila mtu. "Nilichanika." Hili ameshindwa kulisahau.

Jumatano, 22 Mei

Mvua zimekwisha, nadhani. Bandeji zimekauka uani kwa saa moja.

Jana asubuhi nilikwenda kwa daktari wa chama cha ndondi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: Mwashi, kinyozi, majibu ya kukaririshwa, kona ya Mashoto, swali lile. Nikamwambia pia kwamba jeraha nililifungua mimi, kwa mkono huu. Aliniuliza kama naelewa kwamba sitakanyaga kona ya bondia yeyote tena maisha yangu. Nikasema naelewa. Mchana walimchukua kaka, wakampiga picha za kichwa. Jioni walimnyang'anya leseni, na hairudi. Daktari hakuniambia alichokiona kwenye picha. Aliniuliza tu kama nyumbani kuna mtu wa kukaa naye.

Baba hakunipiga. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kaka nilimwambia mwenyewe, mezani. Kwamba nilimchana mimi. Kwamba nimemtoa ulingoni mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha meza ikaruka. Alinishika shingo kwa mkono mmoja, akanikandamiza ukutani mpaka miguu ikapungua uzito, nikaona madoa meupe. Mama alimpiga mgongoni kwa kigoda, mara ya kwanza, mara ya pili, kigoda kikavunjika. Akaniachia. Akaenda kuupiga mlango wa jikoni mpaka bawaba zikang'oka, huku akilia kama mtoto aliyetelekezwa sokoni, "Ulikuwa upande wangu! Ulikuwa upande wangu!" Nilikuwa.

Leo asubuhi alitoka chumbani amevaa nguo za mazoezi. Alisimama akatazama pale ulipokuwa mlango wa jikoni, akatazama vifundo vyake vilivyochubuka, akanitazama shingo. Nikaona ukungu.

"Mdogo wangu," akasema, mchangamfu kabisa, "marudiano ni lini vile?"

Baba alikuwa nyuma yake. Sijawahi kumwona mzee kiasi hicho. Aliweka kidole mdomoni. "Mwache," akasema kwa midomo tu, bila sauti. "Mwambie mwezi wa tisa. Atakimbia, atarudi, atakula. Kila siku mwambie mwezi wa tisa. Itakudhuru nini?"

Mama naye alisimama na ufagio kati yangu na kaka.

Ingekuwa rahisi. Angefurahi kila asubuhi mpaka mwisho. Lakini amezungushiwa majibu ya uongo tangu mwaka jana, na kila mmoja wetu alimpa lake kwa mapenzi, na langu nilimpa nikiwa na damu mdomoni. Nilimwomba mama asogee kando na ufagio wake. Nikaenda nikasimama mbele ya kaka, mahali ambapo mkono wake unafika, nikamwambia tena, tangu mwanzo.